Cheti cha Mnyapara

Kidole cha Mnyapara kilitangatanga juu ya kibodi kama kuku anayechagua punje. Nilisimama nyuma yake nikikitazama, nikafurahi. Sitasema uongo: nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "kichwa changu kimeshakuwa kigumu. Niambie tu nibonyeze wapi na wapi. Nitakariri."

Hakunitambua. Angenitambuaje? Alipokuwa akitusimamia kwenye kiwanda cha nguo, kwake tulikuwa vilemba tu vilivyoinamia mashine.

Enzi hizo serikali iliamuru kila mfanyakazi asiyejua kusoma atolewe kazini saa moja kabla ya zamu kwisha, akasome. Ilikuwa amri nzuri ya watu wenye nia njema walio mbali. Mnyapara hakuwa tayari kuipoteza saa ile. Alituacha mashineni, na ukaguzi ulipokaribia akatukusanya bwaloni, akatukaririsha ukurasa mmoja wa kitabu mpaka tukawa tunauota. Siku yenyewe ilipofika, mdogo wangu alisimama akausoma wote kwa sauti tamu, kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa mwingine kabisa. Mkaguzi akapiga makofi. Tukapewa vyeti, bendera ikapandishwa getini kutangaza kwamba ujinga umefutwa kiwandani, na darasa likafungwa kwa kukosa mtu wa kufundishwa.

Haukupita muda, mashine ya kuchambulia pamba ikala vidole vitatu vya mdogo wangu. Juu yake palikuwa na kibao: usifungue kabla ya kuzima. Mnyapara akawaambia wakubwa, "Huyu anajua kusoma. Ana cheti." Mdogo wangu akafukuzwa kwa uzembe.

Mimi nilijifunza kusoma kwa hasira, kibao kwa kibao, nikaendelea mpaka nikawa wa kufundisha wengine. Serikali nazo zilibadilisha majina ya mipango, zikatusahau, zikatukumbuka tena. Safari hii zimekumbuka kompyuta: mwenye kuendesha mtambo asiye na cheti, hata awe na mvi, kazi hana. Mnyapara siku hizi anaangalia boila la kuchemshia maji la hospitali, na boila jipya linaongozwa kwa skrini. Ndipo akaletwa darasani kwangu. Mungu si Athumani.

"Sawa, mzee," nikamwambia. "Kariri."

Nilimkaririsha kwa upole wa kutisha. Mdogo wangu, anayefanya usafi chuoni kwetu, aliegemea ufagio wake akanitazama.

"Dada, huyo si yule?"

"Ndiye."

"Sasa mbona unamsaidia?"

"Namrudishia chake," nikamjibu. "Ngoja uone."

Siku ya mtihani mwalimu ndiye hufungua skrini. Nilimfungulia nyingine, yenye vitufe vilivyopangwa kinyume. Mnyapara akabonyeza palepale alipozoea, bila kusoma hata neno. Maandishi mekundu ya hatari yakajaa kioo kizima, naye akakunja mikono akitabasamu, kazi imeisha. Nikamgeukia afisa kutoka wizarani, nikisubiri amwaibishe mbele ya watu.

Afisa alikuwa akichezea simu.

"Huyu amemaliza?" aliuliza. "Haya, amefuzu. Hongera, mzee. Tunataka idadi itimie kabla ya mwisho wa mwezi." Akagonga muhuri, akaenda zake.

Chuki niliyoilea miaka yote ile ilikuwa imempa mtu mkate.

Darasa lilipobaki tupu, Mnyapara alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ubarikiwe, mwalimu. Jumatatu naanza na boila jipya, na nimepewa vijana wawili wapya."

Mdogo wangu akaacha kufagia. "Na boila likizidi moto, hao vijana watajua kulizima?"

"Nitawaelekeza mwenyewe, mama. Usiwe na wasiwasi." Akapunga karatasi yake. "Nina cheti."

Macho ya mzee yakashuka kwenye ufagio, yakakuta ule mkono ulioushika, yakakwama hapo. Kisha yakapanda polepole mpaka usoni kwa mdogo wangu, yakahamia kwangu. Tabasamu likamtoka.

"Nyinyi..." alisema.

Ningeweza kumwacha aende. Nilikuwa nimeshashinda; cheti kile kingemmaliza siku moja bila mimi kunyanyua kidole. Ila boila halingejua nani ni Mnyapara na nani ni mtoto wa mtu. Nikavuta kiti kwa mguu, kikakwaruza sakafu.

"Kaa," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi nimeshafuzu."

"Kaa, nimesema! Usidhani nakuhurumia. Hutoki humu mpaka ujue kusoma hicho kioo, neno kwa neno."

Mzee aliutazama mlango. Mdogo wangu alikuwa ameshaufikia, akausukuma kwa vidole vyake viwili, ukajifunga.