Moto Wenye Namba Mbili

Mke wangu aliniambia bila kupepesa macho: "Kazi hii ukiiharibu, hilo lidude linatoka humu ndani."

Lidude ni mashine yangu ya kudarizi, ya vichwa sita, inayokula nusu ya chumba anachoshonea nguo mke wangu. Ina kelele, inakata nyuzi hovyo, na wateja wake ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini naipenda. Niliacha shule mapema, na hicho ndicho kitu pekee chenye kompyuta kinachonitii.

Aliyeleta kazi ni mwenye mgahawa wa Kichina wa mtaa wa pili. Alitaka aproni za wapishi wake ziandikwe neno moja kifuani, kwa Kichina: moto. Alilichora kwenye karatasi. Lilikaa kama mtu anayekimbia huku cheche zikimrukia mabegani.

"Utaweza?" akauliza.

"Hesabu kwamba imekwisha," nikajibu, na sikujua hata pa kuanzia.

Kibodi yangu haina Kichina. Nikaingia mtandaoni, nikakuta maandishi yao ni maelfu kwa maelfu, kijasho kikanitoka. Halafu nikaona jedwali dogo la viungo, yaani vile vipande vya msingi ambavyo maneno yao hujengwa navyo. Nikashuka nalo taratibu, na moto huo hapo! Umbo lile lile, cheche zile zile. Nikanakili, nikabandika kwenye programu ya mashine. Pakatokea mraba mtupu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi ni mdarizi. Sisi huanza na mshono wa mpaka, wa kuonyesha nembo itakaa wapi, ndipo tunajaza ndani. Nikasema moyoni: safi, mashine imeweka mpaka yenyewe. Nikafunga aproni sita, nikawasha, nikaenda kwa kinyozi wa jirani kujisifu.

"Injinia, siku hizi unajua na Kichina?" kinyozi akaniuliza.

"Kidogo kidogo."

Sauti ya mke wangu ikanifuata huko huko. "Baba watoto! Njoo utusomee Kichina chako!"

Nikakuta masanduku mekundu kwenye aproni zote sita, matupu kama kichwa changu.

Hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimpigia mdogo wake, fundi simu, ambaye mimi humwita Profesa kwa kumkejeli. Profesa akaja, akainama kwenye kioo cha mashine.

"Shem, huu moto umeutoa wapi?"

"Kwenye jedwali la viungo."

"Ndiyo maana. Kompyuta haijali umbo, inajali namba. Moto wa kwenye jedwali una namba yake. Ule ni kama kichwa cha ukurasa wa kamusi, maneno ya moto yanapangwa chini yake. Moto wa kuandikia una namba nyingine, na huo ndio mashine inaoujua. Wako haijawahi kuusikia, ikakuchorea sanduku."

"Lakini sura ni moja!"

"Sura moja, namba mbili."

"Kwa hiyo nimebeba kibao cha mlangoni, duka nikaliacha?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa simu, akalichora neno kwa kidole, simu ikamletea lenye namba sahihi kabla sijamaliza kupiga chafya. Mimi nilikuwa nimemaliza asubuhi nzima.

Tukafumua miraba, mke wangu huku, mimi kule, tukapiga pasi ya mvuke mpaka matundu yakajifunga. Shemeji akakaa kwenye mashine. Moto ukatoka, na cheche zake.

Mwenye mgahawa alipokuja alipapasa uzi kwa kidole gumba, akasema ataleta na kofia. Nikamgeukia mke wangu, kifua mbele.

"Umeona? Lidude linabaki."

"Linabaki," akasema. "Ila anayekaa hapo ni mdogo wangu."

"Na mimi?"

Akanitupia aproni yenye nyuzi zinazoning'inia, na mkasi juu yake.

"Kata nyuzi, Injinia."

Nikavuta kigoda. Shemeji alishaanza kurekebisha urefu wa kiti changu.