Usukani Uliolegea wa Idwal

Gari letu lilianza kwenda lilikotaka lenyewe majira ya kondoo kuzaa. Mume wangu Idwal alilinunua tungali vijana, gari la fowili la kijani, la kubebea malisho na kuvuta tela milimani, na tangu siku hiyo hakuwahi kukiri kwamba lina kasoro. Ukiupeleka usukani kushoto, gari lilitafakari kwanza. Ukikata tamaa na kuurudisha kulia, ndipo lilipokwenda kushoto.

"Ni upepo, Eluned," Idwal alisema.

"Leo hakuna upepo, mzee."

"Upo. Huusikii kwa sababu umo ndani ya gari."

Asubuhi moja, mvua imekatika, tulikuwa tukishuka kutoka malisho ya juu. Kwenye kona Idwal alikata usukani, gari likatafakari, na lilipokuwa bado linatafakari tukaufikia ukuta wa mawe wa shemeji yangu Tegid. Hatukuumia. Ukuta ulianguka taratibu, jiwe baada ya jiwe, kama waumini wanaoketi baada ya sala.

Tegid ni mdogo wake Idwal. Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya mama yao. Idwal alichagua wimbo wa kumzikia, na Tegid akasema mbele ya jeneza kwamba mama aliuchukia wimbo huo maisha yake yote. Toka hapo, wakikutana mnadani walisimama kwenye zizi moja wakimtazama kondoo dume mmoja, na kila mmoja akaniuliza mimi mwenzake anamwonaje.

Tegid akatoka nyumbani kwake, mikono mfukoni. Akautazama ukuta. Akalitazama gari. Akanitazama mimi.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama, shemeji. Tumekuangushia ukuta."

"Nimeona. Hebu muulize mumeo kama alikuwa amelala."

Idwal alikuwa bado ameung'ang'ania usukani, mita chache kutoka hapo. "Mwambie sikulala," alisema. "Mwambie usukani umekataa."

"Muulize umekataa tangu lini."

"Mwambie hayamhusu."

"Mwambie ukuta ni wangu."

Ujana wake wote Tegid alitengeneza matrekta ya bonde zima, na hawezi kupita penye chuma kilicholegea asikiguse. Alivua koti, akalala chali kwenye tope, akaingiza kichwa chini ya bampa. Akaniagiza nimwambie Idwal azime injini, magurudumu yabaki chini, kisha autikise usukani kidogokidogo, huku na huku. Yeye atashika kila kiungo kwa zamu. Penye ulegevu, mkono utajua. Idwal alisikia kila neno. Akasubiri nimwambie. Nikamwambia.

"Mwambie kushoto."

"Kushoto."

"Mwambie kulia."

"Kulia."

Tuliendelea hivyo hadi kondoo wa Tegid walipogundua pengo ukutani. Alitangulia mmoja mwenye wanakondoo pacha, wengine wakamfuata bila haraka, kama watu walioalikwa.

"Shemeji, kondoo wako wanatoka."

"Siwezi kuinuka, nimekaribia kuupata ubovu."

"Basi nakwenda mimi. Nyinyi jitegemeeni."

Nikampigia mluzi Fflei, mbwa wetu, tukapanda mlima. Nilipogeuka niliona miguu ya Tegid chini ya gari na kichwa cha Idwal juu ya usukani. Hakuna kilichosogea. Tulishawakusanya kondoo karibu wote niliposikia sauti.

"Kushoto!"

Magurudumu hayakusogea.

"Kushoto, nimesema! Umeziba masikio?"

"Nilidhani unamwambia Eluned!"

"Eluned yuko mlimani na kondoo!"

"Basi taja jina la mtu!"

Hata Fflei alisimama.

"Idwal," Tegid alisema. "Kushoto."

Nilikaa kwenye jiwe lililolowa maji. Sketi ikalowa nayo, na sikuinuka.

Niliporudi na kuziba pengo kwa lango la zamani, walikuwa wamebadilishana. Idwal amelala kwenye tope, Tegid yuko kwenye usukani.

"Umekishika?"

"Nimekishika. Kinagonga."

"Hiyo ni boljointi, kiungo cha ufito wa usukani, imekwisha kabisa. Nikitikisa huku, ufito wenyewe unasimama tu. Na haikuanza leo, Idwal. Ungemuua mkeo kwa ubishi."

Nilisubiri Idwal aseme ni upepo, hakusema. Alipozungumza, sauti ilitoka chini ya injini.

"Kwa nini hukuniambia kabla ya mazishi?"

"Hukuniuliza."

"Ungechagua wimbo upi?"

Tegid akautaja. Idwal akaufikiria.

"Huo hata mimi ningeukubali."

"Haya, shika na ile ya pili."

Ya pili ilikuwa nzima. Waliinua gurudumu la mbele kwa jeki, Tegid akalishika juu na chini akalisukasuka, halikucheza. Lakini boksi la usukani lenyewe lilikuwa linayumba kwenye chesisi.

"Hizi bolti alizifunga nani?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Walikwenda mjini kwa pikapu ya Tegid kutafuta boljointi mpya, wakarudi mchana nayo, pamoja na mfuko wa chipsi uliobaki chumvi tu. Waliifunga, wakakaza bolti, wakatikisa tena; safari hii magurudumu yaliitika mara moja. Idwal akatabasamu kama vile yeye ndiye aliyelizaa gari.

"Twende tukalijaribu barabarani," Tegid alisema, akaingia upande wa dereva. Nilidhani Idwal atapinga. Akazunguka, akaketi pembeni yake.

Nikawatazama wakishuka. Gari lilinyooka kama uzi. Walifika kanisani, mahali pa kugeuzia, hawakugeuza. Wakashika njia ya ziwani. Nikaingia ndani kwa Tegid, nikakata mkate wa zabibu, nikachemsha chai. Ikapoa. Nikachemsha nyingine.

Walirudi jua linaelekea mlimani, wakibishana kama ziwa limepungua maji au halijapungua. Tegid alimwita Idwal kipofu. Idwal akamwambia usoni kwamba ujinga wake ni wa kuzaliwa. Wakaketi mezani, wakala mkate wote huku wakiendelea, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kunituma neno.