Anakutambua?

Tangu mwimbaji aanguke jukwaani na kuumia ubongo, waandishi wa habari walikuwa wamepiga kambi nje ya lango lake. Asubuhi hiyo mkewe alitoka kuchukua maziwa, wakamvamia.

"Shemeji, tuambie ukweli. Anakutambua?"

"Anaendelea vizuri. Tuacheni tupumue, jamani."

Akafunga lango, akavuta mapazia yote, kisha akaketi kitandani kumnywesha mumewe supu. Mume alimeza polepole huku akimtazama.

"Asante, dada," alisema kwa adabu. "Mumeo hatagomba ukichelewa kurudi nyumbani?"

Mke alimfuta kidevu kwa kiganja.

"Hana neno," akamjibu. "Ni mtu mpole sana."

Akachota kijiko kingine, akakipuliza kipoe.