Maksai wa Arobaini

Tangu tumzike mume wangu, neno langu lilikuwa moja tu: sawa. Wakiniletea kahawa, sawa. Wakiniambia nilale, sawa. Binti yangu Tsige aliniomba kisu kikubwa achinje mwanasesere wake, nikasema sawa, ikabidi jirani amkimbilie na kumnyang'anya. Watu walinong'ona kwamba nina huzuni iliyopita machozi. Walinipa sifa nisiyostahili. Sikuwa na huzuni, sikuwa na kitu chochote. Nilikufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Shemeji yangu Tilahun alipopanda huku milimani kutoka mjini kupanga karamu ya arobaini, alinikuta hivyo hivyo. Tilahun anauza mabati, na anaongea kama mtu aliyesimama juu ya bati. Alikaa kwenye kigoda cha marehemu bila kukaribishwa.

"Shemeji," akasema, "kaka yangu hakuwa mtu wa kuagwa kimya kimya. Nakuja na watu wangu wa mjini. Mkuu wa tarafa kaniahidi kwa mdomo wake. Watu kama hao huwawekei shiro."

Shiro ni mchuzi wa unga wa dengu, chakula chetu cha kila siku na cha siku zote za kufunga.

"Tutamchinja Dama," akasema.

"Sawa," nikasema.

Dama alikuwa maksai wetu, mwekundu, na hatukuwa na mwingine. Kwetu mwenye maksai mmoja humtafuta mwenzake mwenye mmoja, wakawafunga nira moja, wakalima shamba la huyu kisha la yule. Dama alifungwa nira na maksai wa jirani yetu Gebeyehu. Akichinjwa, mvua ikinyesha nisingekuwa na cha kulimia, wala Gebeyehu asingekuwa nacho, na baada ya hapo mimi na Tsige tungekula nini, hakuna aliyeuliza. Gebeyehu mwenyewe alikuwa mlangoni na alisikia yote. Lakini mtu haingilii arobaini ya mwenzake. Ukitia neno utaambiwa unamnyima marehemu. Alijifunga shuka lake vizuri, akatazama vidole vya miguu yake, akaaga.

Wiki ya karamu wanawake walijaa jikoni. Asnaku, mke wa Gebeyehu, alisimama juu yangu nikimimina unga uliochachuka kwenye kikaango cha udongo.

"Yeshi, injera yako leo haina macho," akasema. Injera, mkate wetu mwembamba wa chachu, ikiwa nzuri huwa na vitundu juu, ndivyo tunavyoviita macho. "Hii ni kipofu kabisa. Utampa nani?"

"Mpe mkuu wa tarafa," akadakia mwingine. "Hata yeye haoni. Barabara yetu ina mashimo tangu nizaliwe."

Wakacheka mpaka moshi ukawapalia. Zile zilizoungua kingo walizirushia mbwa, na mbwa walikuwa wameshiba, wakazinusa tu. Asnaku aliacha kucheka kabla ya wenzake. Alikuwa anatazama uani.

"Dama anakula vizuri siku hizi," akasema.

"Sawa," nikasema.

"Sijasema kitu cha kujibiwa sawa, Yeshi."

Ni desturi injera za kwanza zipelekwe kanisani kwa maskini, nikajitwisha kapu. Kando ya ukuta wa kanisa walikuwapo watu waliopanda kutoka bondeni, ambako mvua ilikuwa imewakataa. Walilala chini ya maturubai. Siku ya maziko nilipita mbele yao nikiwa nimeshikwa mikono huku na huku, na sikumwona hata mmoja. Sasa niliwagawia, mkono unatoa, kichwa hakipo. Nikafika kwa bibi mmoja mwembamba, akapokea injera yake, akaifanyia ishara ya msalaba, akakata kipande, akakikunja vizuri, halafu akakiinua mpaka kwenye midomo yangu.

"Mama, hicho ni chako," nikasema.

"Fungua kinywa."

"Mimi nina chakula nyumbani."

"Unacho lakini huli. Nina macho mimi. Fungua, mwanangu, mkono wangu unachoka."

Tonge la mkono wa mtu halikataliwi. Nikafungua, nikatafuna. Ilikuwa chachu. Nilishtuka kidogo, kwa sababu muda wote ule nilikuwa nakula bila kujua ninakula nini. Nikaketi pale chini karibu naye. Jina lake Debritu. Alikula polepole, na alipomaliza aliokota chembe zilizoangukia nguoni mwake, moja moja, akazila nazo. Nikawakumbuka mbwa wetu, na nikaona aibu. Ilikuwa aibu ndogo, lakini ilikuwa yangu.

"Kwenu mlikuwa mnalima?" nikamuuliza.

"Hee! Mtama mrefu kuliko wewe. Tulikuwa na maksai wawili."

"Wakafa kwa ukame?"

"Ukame haukuwakuta. Mmoja tulimchinja arobaini ya mume wangu." Uso wake ukachangamka kabisa. "Watu walikula siku hiyo! Hata leo ukimkuta mtu wa kwetu atakwambia, arobaini kama ile ya mume wa Debritu haijatokea tena."

"Na wa pili?"

"Mmoja peke yake utamfanyia nini? Sikupata wa kumfunga naye. Nikamuuza, tukala bei yake. Ukame ulipokuja ghala lilikuwa tupu zamani."

"Wale waliokula nyama, walikusaidia?"

"Walisema Mungu atatoa," akasema. Hakusema kwa uchungu. Aliangalia kapu langu. "Na ametoa, si umekuja?"

Sikuondoka pale na wazo lolote kubwa. Nilibeba kapu tupu, nikatembea. Nilipofika nyumbani Tilahun alikuwa amewasili tena, na mchinjaji wake wa mjini, kijana mwenye visu vitatu vilivyofungwa kitambaa kama vyombo vya daktari. Dama alikuwa amefungwa kwenye mti wa mkaratusi. Padri wetu, Aba Melaku, alikuwa amekaa kivulini na kikombe cha pombe ya shayiri, na Gebeyehu amesimama nyuma yake.

"Shemeji, njoo ubariki," Tilahun akaniita.

"Hapana," nikasema.

Akadhani nimekosea. "Nini?"

"Dama hachinjwi. Karamu itakuwa ya shiro."

"Shiro! Siku ya karamu si ya kufunga! Wageni wangu watoke mjini waje kula unga wa dengu? Watasema nini juu ya kaka yangu Ayalneh?"

"Waseme wanavyotaka. Mvua ikianza si wao watakaokuja kuvuta plau."

"Unamhesabia ndugu yangu nyama? Unamnyima chakula chake cha mwisho?"

"Yeye hali tena, shemeji. Sisi ndio tunaokula."

Nilisema hayo bila kupaza sauti, kwa kuwa sikuwa na sauti ya kupaza. Tilahun akamgeukia padri. "Aba, mwambie. Arobaini bila nyama inakubalika?"

Aba Melaku aliweka kikombe chini taratibu. "Kanisa linaagiza maskini wale, na marehemu aombewe," akasema. "Ng'ombe halikumtaja. Nyama naipenda mimi, mwanangu, Mungu ananijua. Lakini sijaona mahali imeandikwa."

"Mfungue," nikamwambia Gebeyehu. Nadhani mkono wake ulikuwa kwenye kamba tayari.

Siku ya karamu niliwatuma wanawake kanisani wawaite watu wa ukutani, na nikasema wakae mbele, karibu na vyungu, kwa sababu wamekuja na njaa. Wageni wa Tilahun walipofika walikuta nafasi zao zimekaliwa na watu waliovaa magunia. Mkuu wa tarafa alikula matonge mawili akiwa amesimama, simu yake ikaita, au alisema imeita, akarudi garini. Wengine wakamfuata. Asnaku aliwafungashia injera za njiani na mmoja wao akazipokea kwa ncha za vidole.

Tilahun hakula. Alingoja gari la mwisho liwashe, akaja mpaka pale nilipokuwa nikipakua, mbele ya watu wote.

"Umemzika kaka yangu mara ya pili," akasema. "Mimi na nyumba hii tumemalizana." Akaenda zake, na mpaka leo hajarudi, wala salamu.

Maneno yale yaliniuma. Nilisimama na upawa mkononi nikishangaa jinsi yanavyouma, kwa maana sikuwa nimeumwa na kitu chochote tangu siku ile ya maziko. Yaliingia kifuani, yakakuta mengine yaliyokuwa yamelala humo, yakayaamsha yote kwa pamoja. Alikuwa amekwenda ndugu wa pekee wa mume wangu, mwenye pua ile ile na kikohozi kile kile, na mwenye pua ile wa kwanza alikuwa chini ya udongo.

Debritu alikuwa mbele yangu na sahani yake. Alingoja kwa heshima mpaka gari likapotea.

"Tunataka kumwombea huyu aliyetulisha," akasema, "lakini sisi wageni. Anaitwa nani?"

Nilikuwa sijalitamka jina la mume wangu tangu tumzike. Wengine walilitamka, mimi nilisema sawa. Nikafungua kinywa, nikaanza, na sauti ikanikatikia katikati ya jina. Gebeyehu akalimalizia kutoka nyuma. Watu wote wa ukutani wakaacha kula wakasema Mungu amrehemu Ayalneh, wengine vinywa vimejaa. Nikalia pale pale, kwa sauti, mbele za watu, na mkono wangu ukaendelea kupakua, kwa sababu foleni ilikuwa bado ndefu.