Usaili wa Mkwe wa Mwenyekiti

Kama kuna mtu bado anaamini kwamba kuajiri fundi bomba ni kazi ya asubuhi moja, aje Ibighi, hapa Tukuyu, aniulize mimi, Sekela, katibu wa kamati ya maji. Siku ile niliwaambia nyumbani kwamba saa sita nitakuwa nimerudi, nikaacha maharage jikoni. Maharage yale yaliungua, na sufuria nikaitupa.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimebinafsishwa au kinasubiri zamu yake. Kiwanda cha chai kilikuwa kimeuzwa na watu wamepunguzwa kazi. Serikali nayo ilikuwa imetuambia kwa upole kwamba maji sasa ni yetu wenyewe: tuchangie, tuunde kamati, tuajiri fundi. Tukachangia. Tukaunda kamati. Tukaajiri fundi, ambaye alikuwa shemeji wa mweka hazina wa wakati huo, na haukupita muda koki za mtaa mzima zikaonekana sokoni zimepangwa juu ya turubai, kati ya mitumba na betri za redio. Hebu fikiria, unaishi wilaya ambayo mvua haingoji kuombwa, halafu unashuka mtoni na ndoo kichwani. Jambo hilo lilinitia hasira, na bado linanitia hasira.

Ndipo wananchi wakaitisha mkutano wa hadhara. Wakaamua kwamba fundi mpya atasailiwa na watu watatu, na wote watatu wamsikie kila mwombaji kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hakuna kutoka nje, hakuna kunong'onezana. Mwenyekiti mpya wa kamati, Mzee Lutufyo, akachaguliwa kuwa mmoja wa hao watatu, kwa sababu hajapata kumpendelea mtu, hata watoto wake wanalalamika. Mzee alisimama akaapa mbele ya watu wote kwamba hatainuka kwenye kiti chake mpaka usaili uishe. Watu walipiga makofi sana.

Wa pili nilikuwa mimi. Wa tatu alikuwa Mhandisi Jotham, aliyeletwa kutoka Dar es Salaam na wafadhili waliotupa mabomba mapya. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Kila baada ya muda alichungulia nje kutazama mawingu, akiwaza barabara na tope. Alituambia waziwazi kwamba akiondoka leo bila jina la fundi, mabomba yatapelekwa wilaya nyingine iliyo tayari.

Tulikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, chenye mlango mmoja na dirisha moja linalotazama migomba. Mwombaji wa kwanza alikuwa Prosper, kijana wa mjini mwenye stashahada, viatu vinang'aa kana kwamba hakukanyaga njia moja na sisi.

"Tuseme bomba kuu limeziba," Mhandisi akamwambia. "Unaanza na nini?"

"Naanza na kuunda timu," akasema Prosper.

"Sawa. Timu imeshaundwa."

"Naijengea uwezo."

"Na bomba?"

Prosper alifikiri kidogo, akasema bomba ni suala la utekelezaji. Kisha akatuuliza pikipiki ya ofisi itakuwa ya aina gani. Hakuna aliyekuwa ametaja pikipiki.

Wa pili, Asajile, alikuja na mjomba wake, na mjomba akavuta kiti akaketi mbele ya yule mwombaji. Kila tulipouliza swali, mjomba ndiye aliyejibu.

"Anasailiwa nani hapa?" Mzee Lutufyo akauliza. "Wewe au yeye?"

"Yeye, Tata," mjomba akasema, maana ndivyo tunavyowaita wazee wetu, baba. "Ila ni mpole."

Mhandisi akampa Asajile spana na kipande cha bomba chenye maungio, akamwambia afungue. Asajile alizungusha kwa nguvu zake zote, lakini alikuwa anakaza. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaturudishia bomba lile na kusema tayari. Mhandisi alilisukuma pembeni. Mimi nilikuwa nimeanza kuumwa kichwa.

Tumaini langu lote lilikuwa kwa wa tatu. Tulia Ambindwile alikuwa amesoma ufundi bomba chuoni Mbeya, akafaulu vizuri, akafanya kazi hospitalini miaka kadhaa na kupewa barua nzuri. Nilijua pia, maana Tukuyu habari hazifichiki, kwamba mumewe, Ackson, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kiwandani, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa inaishi kwa ndizi na kwa huruma ya majirani. Nikaita jina lake. Kimya. Nikaita tena kwa sauti kubwa.

"Hayupo," Mhandisi akasema, akifunga kalamu. "Mwandike Prosper twende zetu."

Nilitoka nje. Tulia alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, ameupa mlango mgongo, khanga ameivuta mpaka machoni, mfuko wa vifaa umewekwa miguuni.

"Si wewe Tulia? Unaitwa, huingii?"

"Siwezi kuingia, dada. Yumo."

"Nani yumo?"

Aliivuta khanga zaidi kidogo, na hapo hapo nikaelewa. Kwetu Unyakyusani mwanamke haingii chumba alimo baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitaji. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuingia kwenye mtaro na mzigo wa kuni kichwani kwa ajili ya baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Lakini Tulia alikuwa ameandika jina la baba yake kwenye barua ya maombi, kama wasomi wafanyavyo, na wala sikujua kwamba Ackson huyo ni mtoto wa Mzee Lutufyo, kwa maana akina Ackson wamejaa wilaya nzima.

Nikarudi ndani. "Tata, huyu mwombaji ni mkweo?"

Mzee alitazama dari. "Ni mke wa Ackson."

"Ulijua kwamba ameomba kazi?"

"Nilijua."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ningekuwa nampigia kampeni."

Nilitamani kulia, au kumrushia mtu lile bomba la Asajile. Nikamweleza Mhandisi mila yetu kwa kifupi. Akasikiliza kwa adabu, akasema kwamba basi ni rahisi tu, mzee atoke kidogo.

"Niliapa," akasema Mzee Lutufyo. "Sitainuka kwenye kiti."

"Basi dada huyo aingie."

"Hawezi!" mimi na Mzee tukasema pamoja.

Mhandisi akavua miwani, akajifikicha macho. "Nyie watu," akasema, "maji mnayataka au hamyataki?"

Nilipendekeza tutundike kitenge changu katikati ya chumba. Mzee akasema kitenge si ukuta. Nikapendekeza yeye ageukie pembeni. Akasema watu watadai alimpa mwombaji mgongo kwa dharau. Nikapendekeza Tulia abaki nje na ajibu kupitia dirishani, na hilo nilidhani lingekubalika, maana ndiyo kwanza matone ya mvua yalikuwa yanaanza.

"Wenzake walikaa wapi?" Mzee akauliza.

"Kwenye kiti, Tata."

"Naye akae kwenye kiti. Asimame mvuani kwa nini, amekuwa mwizi? Hiyo si haki."

Yaani mtu ndiye aliyemzuia mwenzake kuingia, na ndiye anayedai apewe kiti! Nilitoka nje bila kujibu, kwa sababu jibu nililokuwa nalo halifai kuambiwa mzee.

Tulia alikuwa ameshabeba mfuko wake begani.

"Mwambie mhandisi asichelewe safari yake kwa ajili yangu, dada," akasema. "Nitarudi nyumbani. Nilimwambia Ackson leo tutapata, na watoto wamesikia. Nilikosea kuwaambia."

"Weka huo mfuko chini," nikamwambia. "Uweke, nasema! Usiniongezee."

Nikaingia ndani na hasira zangu zote. "Tata, shikamoo. Nakusalimia upya kwa sababu nataka kukukosea adabu. Mke wa Ackson anaondoka. Akiondoka, fundi wetu ni yule mwenye viatu, na bomba likipasuka atakuja kutujengea uwezo. Watu walikutuma uje uzuie mabaya. Haya unayoyafanya ni yapi?"

Mzee Lutufyo aliitazama miguu ya kiti chake. Mvua ilikuwa imekolea, inapiga bati. Mhandisi alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Niliapa sitainuka kwenye kiti," Mzee akasema polepole. "Mahali pa kiti sikusema."

"Unamaanisha nini, Tata?"

"Nibebeni."

Nilidhani amechanganyikiwa, lakini alikuwa ameshashika mikono ya kiti kwa mikono miwili, miguu ameiinua kidogo kutoka sakafuni, anangoja. Nikamwambia Tulia azunguke upande wa pili wa kanisa. Nikawaita Asajile na mjomba wake, waliokuwa wamejikinga mvua kibarazani. Wao walishika nyuma, mimi na Mhandisi wa Dar es Salaam tukashika mbele, tukamtoa mwenyekiti wa kamati ya maji mlangoni, kiti na mtu wake. Mzee si mwepesi. Asajile alibeba upande wake bila kulegea, na nakiri kwamba ile ilikuwa kazi ya kwanza kumwona akiiweza. Tukamzungusha mpaka chini ya dirisha, mgongo wake ukiwa ukutani na uso wake kwenye migomba. Mhandisi akampa mwavuli. Mvua ya Tukuyu huja kwa pembeni, kwa hiyo mwavuli ulimfaa kichwa tu, magoti yakalowa palepale.

"Fungueni dirisha," akasema. "Sasa nimo kwenye usaili."

Tulia akaingia kwa mlango, akakaa kwenye kiti kama wenzake. Mhandisi akamuuliza juu ya bomba lililoziba, naye akasema angeanza kwa kuuliza watu maji yaliishia kwa nani, kisha angepanda na mstari wa bomba kutoka hapo akifungua koki moja moja. Akamuuliza juu ya haya mabomba mapya ya plastiki, akasema ni mazuri yakifukiwa vizuri, yakiachwa juu wachungaji watayatoboa ng'ombe wanywe. Mhandisi aliacha kuchungulia mawingu. Alikuwa anaandika.

"Sekela," sauti ikatoka dirishani. "Nina swali."

"Uliza, Tata."

"Muulize mwombaji. Bomba likipasuka nyumbani kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yumo, hataki kutoka, atafanya nini?"

Nilimlaani mzee moyoni, maana niliona ameuliza swali ambalo halina jibu jema. Akisema ataingia, amevunja mila mbele ya mashahidi. Akisema hataingia, fundi gani huyo? Tulia aliinamia mikono yake. Alipoinua kichwa alinitazama mimi, na akanijibu mimi, lakini kwa sauti iliyofika mbali kuliko nilipokaa.

"Mwambie mwenyekiti, dada, nitafunga koki ya juu, ya kwake peke yake, wengine wasikose. Halafu nitangoja migombani. Akitoka nitaingia kutengeneza. Asipotoka atakaa bila maji, kama mtu mwingine yeyote anayemzuia fundi."

Niligeukia dirishani niyarudie maneno hayo kwa upole zaidi, niyapunguze makali.

"Usirudie," Mzee akasema. "Nimesikia."

Kisha tulisikia mvua tu kwenye majani ya migomba, na Mhandisi akaanza kunitazama kwa wasiwasi. Nikafikiri basi, ameudhika, tumemkosa fundi.

"Sekela."

"Naam, Tata."

"Tangu Ackson amlete kwangu amezaa watoto watatu. Nimekula chakula alichopika. Sauti yake ndiyo leo naisikia."

Alikohoa. Sikuchungulia nje. Tulia alikuwa amejifunika uso kwa khanga na mabega yanamcheza, na mimi mwenyewe nilijikuta napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mzee anasemaje?" Mhandisi akauliza, maana maneno hayo yalisemwa kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," sauti ya dirishani ikasema mwishowe, yaani asante. "Andikeni mnavyoona. Halafu mnitoe mvuani, nimelowa."

Tulimwandika Tulia. Lakini kumtoa mzee mvuani kulituchukua muda mwingine, kwa sababu Tulia hakuweza kutoka kabla mzee hajaondoka, na mzee hakutaka kuinuka kabla Mhandisi hajatamka kwa sauti kwamba usaili umekwisha, na Mhandisi alikuwa ameshakimbilia gari lake. Nilimfuata kwenye tope na viatu vyangu vya kanisani.

Maji yapo sasa, sina la kulalamika upande huo. Ninalolalamikia ni vikao. Kila fundi anapoleta taarifa yake, mwenyekiti hubeba kiti na mwavuli na kwenda kukaa chini ya dirisha, na sisi wote tunapaza sauti kana kwamba tuko shambani. Juzi mvua ilikuwa kali, alitetemeka mpaka tukaona haya. Nikamwambia, Tata, taarifa ni fupi, pumzika nyumbani, nami nitakuletea maneno yote kama yalivyo.

"Hapana," akasema, akisogeza kiti chake karibu zaidi na dirisha. "Hapa ndipo ninapomsikia."