Pipa la Harerimana

Tangu kulipokucha Dorcas hakutulia. Mara aende barabarani kuchungulia pikipiki ya Mwanaamina, mara arudi kutazama pipa. Mwanaamina ana gesti Kasulu mjini, na hayo mashuka meupe kumi aliyowaletea yeye na mumewe wayafue hapa Rungwe Mpya yalikuwa ya majaribio: yakitakata, kazi ni yao kila wiki.

Ila kilichomnyima raha hasa ni mumewe. Tangu bodaboda imvunje mguu mwaka jana, Harerimana amekuwa mtu wa kukaa na kutazama ukuta. Kisha mwezi uliopita akaokota pipa kuukuu la mawese, akalilaza juu ya magogo, akalifunga mnyororo na pedali za baiskeli liwe mashine ya kufulia. Sasa yuko kwenye kigoda anazizungusha kwa mikono, jasho linamtiririka, anapiga mluzi. Mluzi, jamani! Dorcas alikuwa ameusahau.

"Mama Divine, tayari. Toa!" akamwita mkewe.

Dorcas akafungua, akavuta shuka la kwanza. Yebaba we! Madoa ya rangi ya chungwa, makubwa kama viganja. La pili, hivyo hivyo. Juzi walijaribu kwa maji baridi, nguo zikatoka safi. Leo maji ya moto yameyeyusha mawese yaliyojificha kwenye maungio ya pipa.

"Vipi?" mumewe akauliza.

"Safi kabisa! Wewe nenda ukale, ugali unapoa."

Akayakumbatia mashuka, akakimbilia nyuma ya nyumba, akayatandaza kwenye majani, maana jua kali hufifisha rangi ya mawese. Jua lenyewe leo halieleweki. Likitoka kidogo, wingu hilo. Akasugua, akageuza, akasugua tena. Asijue tu. Akijua, atarudi kwenye ukuta wake.

Mara akasikia fimbo ya mumewe ikigonga chini. Harerimana alikuwa amesimama penye kona ya nyumba, macho kwenye madoa.

"Ni sabuni," Dorcas akasema haraka. "Sabuni yenyewe mbovu, mume wangu, si..."

"Mwaka mzima," Harerimana akamkatiza. "Mwaka mzima mnanong'ona humu kama kuna maiti ndani. Kuku akifa, mnanificha. Divine akiugua, mnanificha. Hata doa, Dorcas? Hata doa?"

Dorcas akaona aibu. Kisha hasira ikampanda, na yenyewe ilikuwa ya mwaka mzima.

"Haya! Pipa lako linatoa mafuta! Uliniapia umelisugua kwa mchanga na majivu, mwongo mkubwa wewe! Mvivu! Mwanaamina yuko njiani, na mimi sifui peke yangu leo, unanisikia?"

Majirani wakachungulia. Nani huyo anamfokea mgonjwa hivyo?

Harerimana alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati, machozi yamemjaa, lakini anatabasamu.

"Endelea," akasema. "Nifokee tena."