Mraba wa Tarehe Kumi na Nne

Saa moja asubuhi Ardis Tveten alitoka nje na kikombe chake cha kahawa, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba ile taa ya kijani ubavuni mwa pikapu yake haiwaki. Usiku baridi ilikuwa imeshuka nyuzi ishirini chini ya sifuri, na gari la umeme halilazwi bila chaji kwenye baridi ya Montana. Waya aliuchomeka mwenyewe jana jioni, tena akautikisa kuhakikisha umekaa.

Sasa waya huo ulikuwa umeviringwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari, vile baba yao alivyowafundisha kutundika kamba. Kwenye soketi palikuwa na waya mwingine, ule wa kupashia moto injini ya gari la dizeli la kaka yake, Merrill. Dizeli yenyewe ilishaondoka kupeleka nyasi kwa ng'ombe bondeni. Ardis akaingia ndani ya pikapu na kuwasha kioo cha vipimo. Asilimia hamsini na tatu.

Akampigia simu hapohapo.

"Kaka, umechomoa gari langu?"

"Mama yangu!" Merrill akaguna. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka kuipasha moto dizeli nusu saa tu, nikapitiwa na usingizi. Kichwa changu siku hizi hakishiki kitu."

"Leo ndiyo siku ya Tansy. Unajua."

"Najua, najua. Lakini huku bado nina marobota kibao hayajashuka. Wewe nenda polepole. Utafika tu."

Tansy alikuwa farasi jike wa mwisho aliyezaliwa mikononi mwa baba yao. Jicho lake la kushoto lilikuwa na kidonda kilichokuwa kikichimba ndani. Daktari bingwa wa macho ya farasi alikuja kliniki ya Miles City mara moja tu kwa mwezi, na saa sita mchana alikuwa akiondoka kwenda kwingine. Miadi ya Tansy ilikuwa saa nne. Akimkosa leo, jicho halikuwa na mwezi mwingine wa kungoja.

Hesabu ya safari Ardis aliijua kwa moyo. Miaka miwili pikapu ile ilikuwa imefanya kazi zote: ilibeba chumvi ya ng'ombe, iliendesha mashine ya kuchomelea nyaya za uzio, iliingia katikati ya ndama bila kuwashtua. Kuvuta trela ndiko kulikoila chaji. Ukifunga farasi nyuma na baridi ikiwa kali, betri iliyojaa ilikupeleka maili mia moja na kumi. Miles City ilikuwa maili sabini, na mjini kuna chaji. Ikijaa ilikuwa inatosha, tena inabaki. Kwa asilimia hamsini na tatu, ilikuwa ni kubahatisha.

Akapiga moyo konde, akafunga trela, akampandisha Tansy.

Kwenye maili ya arobaini, njia ilipita mbele ya mgahawa wa Bernadine. Wazee walikuwa dirishani kama kawaida, na dizeli zao zimepangwa nje. Hapo Ardis alipaswa kusimama, na alijua. Mtu yeyote mle ndani angemvutia trela mpaka kliniki bila hata kumalizia kahawa yake. Lakini miaka miwili walikuwa wakimchimba: "Bi Ardis, leo umelichaji hilo pasi lako?" "Mwenzetu, ukichoka kulisukuma tuite!" Na miaka miwili alikuwa akiwajibu kwamba atawazika wote na dizeli zao. Kusimama pale na farasi nyuma aombe msaada? Afadhali ale theluji. Wazee wakampungia mikono, tena kwa bidii kuliko siku nyingine. Akawapungia, akapita.

Pikapu ilizima maili kumi na mbili kabla ya mji, kwenye bonde ambalo simu haishiki. Ardis alimfunika Tansy blanketi la pili, akasimama barabarani akipiga miguu chini ipate joto. Saa tatu na nusu. Saa nne. Lilipita lori moja la mafuta, lisisimame. Saa tano na nusu ndipo ilipotokea dizeli nyekundu ya mzee Orrin Jelle, bingwa wa kumtania kuliko wote.

Orrin hakumtania. Alimtazama Tansy, akatazama saa, akaanza kuhamishia trela kwenye dizeli yake.

"Ungesimama kwa Bernadine, binti," alisema.

"Ningesimama."

Walifika kliniki saa sita na dakika ishirini. Daktari bingwa alishaondoka. Aliyebaki ni yule daktari wa siku zote, kijana mpole, akamulika jicho kwa muda mrefu, kisha akazima tochi yake. Alisema asubuhi lingeokolewa kwa kupandikizwa kipande cha utando. Sasa kidonda kimetoboka, na anachoweza kufanya yeye ni kulitoa. Ardis alimshika Tansy kichwa mpaka dawa ya usingizi ilipomlegeza.

Huku wakingoja, pikapu ililetwa mjini juu ya lori la kubebea magari na kuchomekwa kwenye chaji. Orrin alikaa karibu na Ardis, kofia magotini.

"Basi Merrill ndiye mshindi," akasema ili aseme kitu.

"Mshindi wa nini?"

Uso wa mzee ukamshuka. "Aa. Upuuzi tu wa wazee."

"Mzee Orrin. Mshindi wa nini?"

Orrin akabaki kuizungusha kofia yake.

Alasiri Ardis aliondoka na betri iliyojaa pomoni, Tansy amesimama nyuma na bandeji usoni. Safari hii alisimama kwa Bernadine. Ndani alikwenda kusimama mbele ya kalenda ya ukutani. Kila kipupwe watu wa pale walikuwa na mchezo wao: gari bovu huwekwa juu ya barafu ya ziwa, kila mtu huchagua siku ambayo barafu itapasuka lizame, na jina lake huandikwa kwenye mraba wa siku hiyo katika kalenda hiyo. Anayepatia hupewa paja zima la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Mwaka huu juu ya kalenda paliandikwa: SIKU GARI LA ARDIS LITAKAPOBURUTWA. Orrin alikuwa na tarehe ishirini na mbili. Kwenye mraba wa tarehe kumi na nne, yaani leo, kwa mwandiko uliolala kushoto ambao Ardis aliujua tangu shule, paliandikwa Merrill.

"Alichukua mraba huu lini?"

Bernadine alikuwa akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. "Jumapili."

Jumapili ndiyo siku Ardis alipomwambia kaka yake mezani, wakila, tarehe ya miadi. Yalimkata maini. Kwa wazee hakuona ajabu, wazee ni watani wake. Lakini huyu alikula naye sahani moja.

"Nipe hilo paja," alisema. "Nitampelekea."

Merrill alikuwa jikoni akimenya viazi. "Vipi jicho?"

Ardis akaweka paja mezani, kati ya maganda. Merrill alilitazama, kisu kikabaki hewani.

"Umeshinda," Ardis alisema.

"Ardis, ulikuwa mzaha. Nilijua utasimama kwa Bernadine. Watacheka, mtu atakuvuta, utafika saa nne. Basi. Wallahi nilidhani utasimama."

"Miaka arobaini na minane unanijua. Ulijua sitasimama."

Merrill akaweka kisu mezani.

"Kesho utamlisha wewe," Ardis akasema. "Mwendee kwa upande wa kulia, na umwite kwanza. Upande wa kushoto haoni tena anayemjia."

Akatoka. Kioo cha pikapu kilionyesha asilimia thelathini na sita zimebaki, kama alivyopiga hesabu. Gari lile halikuwahi kumdanganya hata siku moja. Akauchomeka waya, taa ya kijani ikawaka. Kisha akaenda stoo na kutafuta kwenye kopo la misumari mpaka akapata kufuli kuukuu ya baba yao. Kwenye ranchi ile milango haikuwahi kufungwa kwa ufunguo, na funguo za magari zililala ndani ya magari tangu enzi za babu. Akaifunga kufuli kwenye kifuniko cha soketi, akaivuta mara mbili, akatia ufunguo mfukoni.